Sekunde Thelathini na Nane za Leokadia

Sikwenda Kishanda kumzika Deodatus tu. Nilikwenda pia kuona kama Leokadia amezeeka. Nasema hivi mapema ili msomaji asinionee huruma nisiyostahili. Nilimkuta chini ya turubai, kwenye majani yaliyotandazwa kwa ajili ya akina mama, kitenge kimefungwa vizuri, mgongo umenyooka kama zamani, na alikuwa amezeeka vizuri kuliko mimi. Hilo liliniudhi kabla sijamlilia marehemu hata kidogo. Kwa miaka ishirini na tatu tulikuwa hatujasemeshana. Bukoba si mji mkubwa, na Muleba, ninakoishi mimi, si mbali na Bukoba. Mtu akitaka kumkwepa mwenzake kwa muda wote huo, inabidi aifanye hiyo kazi kwa bidii. Mimi niliifanya. Nilivuka barabara pale sokoni nilipomwona anachagua nyanya. Niliondoka kwenye harusi ya mwanafunzi wangu kabla chakula hakijaletwa, kwa sababu nilisikia sauti yake meza ya nyuma. Sauti ile sikuweza kuikosea, maana kwa mwaka mzima nilikaa nayo katika chumba kimoja, mimi nikiwa nguchiro na yeye bata.

Mwaka huo nilikuwa na miaka ishirini na minne. Deodatus, ambaye sisi tulimwita Ta Deo kwa heshima ingawa alituzidi miaka kumi tu, alikuwa ametoka masomoni na kompyuta moja na wazo moja: kutengeneza katuni ya watoto hapahapa kwetu, kwa Kiswahili, yenye wanyama wa ziwani na migombani. Alipanga nyumba Kibeta, hapo Bukoba, migomba imeizunguka mpaka majani yanapangusa madirisha, akatuchukua sisi wawili. Leokadia alikuwa mchoraji, binti wa mwinjilisti wa Kilutheri wa palepale Kibeta. Mimi nilikuwa mwandishi, Mkatoliki wa Ngenge, Muleba. Kituo kimoja cha televisheni cha Dar es Salaam kilikuwa kimemwambia Ta Deo alete kipindi kimoja cha dakika kumi na moja, zisizidi hata kwa sekunde. Watoto wakikipenda, tungepewa kazi ya kutengeneza vingine kumi na viwili. Nyumbani nilipewa mwaka huo mmoja. Kipindi kikikubaliwa ningebaki Bukoba na kazi niliyoipenda kuliko kitu chochote. Kikikataliwa, kulikuwa na darasa la chekechea Ngenge likisubiri mwalimu, na shangazi yangu alikuwa ameshaahidi kwa niaba yangu.

Chumba cha kurekodia ndicho kilikuwa chumba changu cha kulala. Ta Deo aliegemeza magodoro ukutani ili sauti isirudi, na moja kati ya hayo nililishusha kila jioni nikalilalia, asubuhi nikalirudisha ukutani kabla Leokadia hajafika. Yeye alifika saa mbili kamili, hakuwahi hata dakika wala kuchelewa hata dakika, akavua viatu, akavipanga, akatusalimu mmoja mmoja. Salamu yake kwangu pekee ilitosha kuchemsha chai: usiku ulikuwaje, umeamkaje, nyumbani Ngenge umesikia habari gani, mvua ya huko. Nilikuwa namjibu huku nimeshashika karatasi. Kazi yenyewe ilitaka mtu wa aina yake, hilo nakiri. Sekunde moja ya katuni ilikula michoro kumi na miwili, na aliichora yote kwa mkono juu ya kioo kilichomulikwa kwa taa kutoka chini, kisha Ta Deo akaiingiza kwenye kompyuta. Mvua ilipoanza kupiga bati, na kwa Bukoba hiyo ilikuwa karibu kila siku, tuliacha kurekodi, tukaenda jikoni kumenya ndizi. Hata huko tuligombana. Mimi namenya haraka, ndizi inabaki na maganda ya kijani huku na huku. Yeye alizichukua nilizokwisha kumenya, akazirudia moja moja mbele ya macho yangu, bila kusema neno.

Kisa chetu kilihusu marafiki wawili wasiopatana kwa tabia. Nguchiro anayeitwa Chapu ana haraka, anasema kabla hajafikiri. Bata anayeitwa Tulia anafikiri mpaka jambo linampita. Wanakwenda kwa Bibi Kiboko kuazima ngoma yake kwa ajili ya sherehe, wanachelewa, Bibi anakasirika, wanaikosa ngoma, wanalaumiana, halafu wanagundua kwamba mmoja peke yake hawezi kumbembeleza bibi kizee. Nilikiandika kwa wiki moja na nikajiona nina kipaji. Kisha siku moja nikasikia, kupitia godoro la ukutani, Leokadia akimwambia Ta Deo sebuleni: "Yule wa Ngenge anaandika vizuri, Ta. Ila ana haraka ya mtu aliyelelewa njiani." Ta Deo akacheka kidogo, cheko la mtu asiyetaka kugombana na yeyote. Nilibaki nimesimama, nguo ya kufutia vumbi mkononi. Sijawahi kuwa na rafiki tangu siku hiyo bila kujiuliza ananisema nini chumba cha pili.

Baada ya hapo nikaanza kuangalia michoro yake vizuri, nikaona. Chapu alikuwa anatembea viwiko nje, shingo mbele, kama anayetaka kufika kabla ya miguu yake. Nikamwuliza Ta Deo Leokadia amemtoa wapi yule nguchiro. Akaniangalia, akaziangalia karatasi, akasema, "Kwani wewe unatembeaje, waitu, ndugu yangu?" Nilikwenda kuyaandika upya maneno ya Tulia, nikamtia kinywani kila kauli ya Leokadia: tusiharakishe jamani, kwanza tukae, mambo yana utaratibu wake. Akayasoma yote mbele ya maikrofoni kwa sauti yake ile laini, tena akayasoma vizuri, na mpaka leo sijui kama alijitambua. Nadhani alijitambua. Tuliendelea hivyo miezi mingi, yeye akinichora na mimi nikimwandika, tukila sahani moja ya ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage mchana, tukipeana chumvi kwa adabu.

Salamu ndiyo iliyotufikisha pabaya. Katika karatasi zangu, Chapu na Tulia wanafika, mlango unafunguliwa, Chapu anasema: "Bibi, tupe ngoma, tumechelewa." Leokadia alisema haiwezekani. Mtoto hawezi kuingia kwa bibi yake akaanza kuomba kitu. Nikamwambia ni katuni. Akasema, "Kwani katuni haina bibi?" Basi akaichora salamu, bila mtu kumwagiza. Ilimchukua wiki saba, huku akiendelea na michoro mingine. Chapu anapiga magoti kwanza, Tulia anafuata, shikamoo, marahaba, wajukuu zangu mmeamkaje, na wazazi, na mvua huko kwenu, na migomba, kila swali na jibu lake. Nikairekodi sauti ya Chapu kwa hasira, nikitaka yaishe. Sekunde thelathini na nane. Michoro zaidi ya mia nne ya wanyama wawili waliopiga magoti. Ta Deo alipounganisha kipindi kizima mara ya kwanza, tulikaa mbele ya kompyuta mimi na saa yangu mkononi, na watoto wa jirani wamejazana dirishani. Walikuwa wanasukumana kwenye vichekesho vyangu, pale Chapu anapopayuka njia nzima kuhusu supu ya vyura. Kwenye salamu walinyamaza, na kabinti kamoja kakamjibu Bibi Kiboko kwa sauti. Nilijiambia kwamba wana njaa. Kipindi kilikuwa dakika kumi na moja na sekunde thelathini na nane.

Kitu kilitakiwa kutoka. Leokadia alisema vitoke vichekesho vya njiani, vilikuwa karibu urefu uleule. Nilisema itoke salamu. Tulibishana siku tatu, mwishowe tukawa tunabishana kupitia kwa Ta Deo, mwambie, mwulize, yeye katikati anatafuna kahawa zake kavu na kusema tutaelewana tu. Mzigo wa kwenda Dar es Salaam ulitakiwa uondoke na basi la Jumatatu. Jumapili nilisali misa ya kwanza, nikarudi mapema. Ta Deo alikuwa chumbani kwake, malaria imemwangusha. Nikamwuliza kupitia mlangoni: "Ta, tunakata nini?"

"Kubalianeni."

"Leokadia yuko kanisani, na mzigo unaondoka kesho."

"Kubalianeni, waitu. Kichwa kinanipasuka."

Kwaya ya Walutheri ilikuwa inasikika kutoka ng'ambo ya migomba, na sauti ya Leokadia niliitambua humo ndani. Nikakaa kwenye kompyuta, nikatia alama mwanzo wa salamu, nikatia alama mwisho wake, nikabonyeza. Ilikuwa kazi fupi kuliko kumenya ndizi moja, hata kwa kasi yangu. Mlango wa Bibi Kiboko ukafunguka na Chapu papo hapo akadai ngoma. Dakika kumi na moja kamili. Nilifurahi, sitaki kuficha. Jumatatu mzigo ulipokwisha kupanda basi, nikawaonyesha. Leokadia aliangalia mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Salamu iko wapi?"

"Ilizidisha muda."

"Nani ameikata?"

"Mimi."

Akamgeukia Ta Deo, aliyekuwa ameinamia kikombe chake cha chai na blanketi mabegani. Kisha akachukua diski yenye kipindi kizima, kile cha salamu, akaitia kwenye mkoba wake na kufunga zipu. Hakupiga kelele, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Tangu siku hiyo aliendelea kufika saa mbili kamili, akavua viatu, akanisalimu salamu nzima bila kuruka hata swali moja, na baada ya hapo hakuniambia neno jingine mpaka jioni.

Barua ilifika msimu wa senene, wiki chache baadaye. Ta Deo aliileta jikoni wakati tunakula, akaisoma kwa sauti, na nusu ya kwanza alikuwa anatabasamu. Walikuwa wamekionyesha kipindi kwa watoto wa shule kadhaa, na watoto walikipenda. Walipenda ziwa, walipenda Bibi Kiboko, walimpenda sana bata. Wako tayari kutupa kazi ya vipindi kumi na viwili. Halafu akapunguza sauti. Kuna jambo moja. Watoto hawakumpenda nguchiro, karibu wote. Walikuwa wanauliza kwa nini hakumsalimu bibi. Walisema Bibi Kiboko alifanya vizuri kumfukuza. Kwa hiyo kituo kinaomba mhusika huyo aondolewe, na Tulia apatiwe rafiki mwingine, mwenye adabu. Na kwa kuwa vichekesho vya nguchiro havikueleweka, maandishi nayo yatafutiwe mtu mwingine.

Hapo ndipo nilipokiona nilichokifanya. Katika kisa changu, Bibi Kiboko anakasirika kwa sababu wajukuu wamechelewa. Anasema, "Nyie watoto, mnanionaje mimi?" Salamu ikiwepo, unajua anakasirikia kuchelewa. Salamu ikitoka, hakuna mtoto katika nchi hii asiyejua anakasirikia nini. Pale magotini ndipo mahali pekee katika dakika zote ambapo Chapu alikuwa mtoto mzuri mwenye haraka. Mimi mwenyewe nikamwondolea, nikamwachia supu ya vyura. Ta Deo alituangalia, mimi kisha Leokadia, akingoja mmoja wetu aseme. Ilikuwa ni sentensi moja tu: salamu ipo, tunayo, tuwatumie. Mkoba wa Leokadia ulikuwa umening'inia kwenye kiti chake, na nilijua kilichomo. Kuitamka mimi kulimaanisha kumwomba, tena mbele ya shahidi, na kukubali kwamba wiki zake saba ndizo zingeniokoa. Sikuweza. Nikamtazama yeye. Alimega kipande cha ndizi, akachovya kwenye maharage, akatafuna taratibu. Ta Deo akaikunja barua. Mwisho wa mwezi nilishusha godoro kwa mara ya mwisho, nikafunga sanduku langu, nikaenda Ngenge kwa shangazi.

Sikufa. Nimefundisha watoto wa watu, nimeolewa, nina karibu miaka hamsini na naheshimika. Lakini sijawahi kuamka na hamu ile niliyoamka nayo Kibeta, magodoro ukutani na mvua batini, na mtu akiniambia kwamba kazi ni kazi, nanyamaza kwa adabu tu. Tulia walimtafutia rafiki mwingine, kobe mpole. Bata mtulivu na kobe mpole, wanakubaliana kila kitu, wanasubiriana mlangoni. Vilitoka vipindi vinne na mradi ukafungwa. Habari hiyo ilinifikia shuleni wakati wa mapumziko, nikaenda nyuma ya darasa nikacheka mpaka nikatokwa machozi. Ta Deo alirudi kwao Kishanda kulima kahawa. Kila nilipopita alinipa mkungu wa ndizi na hakuwahi kuligusa jambo lile, na mimi nilimpenda na kumdharau kwa kiasi kilekile.

Sasa alikuwa kaburini, na mchana huo, baada ya maziko, binti yake Alodia alisimama akasema angependa tuione kazi ya baba yake, maana wengi hawajui aliwahi kufanya nini Bukoba. Wakatoa televisheni, wakaiweka kwenye meza chini ya turubai. Leokadia akafungua mkoba, akampa Alodia kifaa kidogo cha kuchomeka. Nikajua ni kipindi kizima kabla hakijaanza. Mara ile ya kwanza nilikuwa na saa mkononi, nilikuwa nahesabu, sikuwa naangalia. Safari hii niliangalia. Chapu anafika mlangoni viwiko nje, shingo mbele, anasimama ghafla. Anapiga goti la kushoto kwanza, kwa tahadhari, kisha la kulia, mkono mmoja umeshika kiwiko cha mwingine. Mimi nina goti bovu la kulia tangu utotoni. Nalishusha la mwisho, na nikiinamia mtu mzima nashika kiwiko, sijui nilijifunza wapi. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba ameona. Bibi Kiboko anauliza habari za mvua, na yule nguchiro anamtazama usoni kwa heshima ambayo sikuwahi kujua kwamba ninayo. Wazee waliokuwa wanakunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, walinyamaza. Mama mmoja karibu yangu alisema, "Mtoto huyo amefundwa." Supu ya vyura ilipofika, watu walianza kuongea tena.

Chakula kilipoletwa nilibeba sahani yangu, nikaenda kukaa karibu naye. Alinisalimu salamu nzima, nami nikaijibu nzima. Kisha nikamwambia, "Ile barua ilipokuja, hii ulikuwa nayo kwenye mkoba."

"Nilikuwa nayo."

"Kwa nini hukusema?"

Hakufikiri hata kidogo, yeye ambaye alifikiri kabla ya kuvua kiatu. "Nilifurahi," akasema. "Niliposikia wanataka utoke, Mwalimu, nilifurahi. Nikasema moyoni, acha aende."

Nilingoja aongeze pole, au aseme tulikuwa watoto, kama wanavyosema watu misibani. Alikuwa ananitazama.

"Na wewe," akasema. "Ungeweza kukata vichekesho. Ulikata ile kwa nini? Usiniambie muda."

Jibu la muda nilikuwa nalo. Nimemwambia mume wangu, nimewaambia walimu wenzangu, nimejiambia mwenyewe miaka yote hiyo kwamba ni sekunde thelathini na nane na basi linaondoka. Nilifungua mdomo kulisema tena.

"Kwa sababu ilikuwa nzuri," nikasema. "Ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichoandika mimi, na nilijua."

"Nilijua kwamba ulijua," akasema Leokadia.

Akasimama, akakung'uta majani kwenye kitenge chake, akachukua mkoba na sahani yake, akaenda kukaa upande wa pili wa turubai na akina mama wa Kibeta. Hatukuagana.